Bibi harusi anataka nikate, mama yake ananiomba nisikate

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani ninayejitegemea. Nafanyia kazi katika chumba kimoja nyumbani kwangu, sina mwajiri wala msaidizi, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kurekebisha magauni ya harusi: kubana, kuachia, kupandisha pindo, kutoa mikono au kuiongeza, kuhamisha lesi. Naipenda kazi hii kuliko nyingine yoyote niliyowahi kuifanya kwa cherehani. Wateja wanakuja kwa kuelekezana wao kwa wao, kwa hiyo jina langu likichafuka sina pa kukimbilia.

Juzi amekuja binti anayeolewa wiki tano zijazo. Ameleta gauni ambalo mama yake aliolewa nalo. Ni la satini nzito, lina mikono mirefu ya lesi, shingo ya juu, zipu mgongoni na mkia mrefu. Limetunzwa vizuri, ila weupe wake umeanza kuelekea njano. Binti ana umbo kubwa kidogo kuliko alilokuwa nalo mama yake wakati ule. Zipu inapanda hadi katikati ya mgongo inagoma. Anataka nitoe mikono, nifungue mgongo ushuke karibu na kiuno, niweke kamba za kukaza badala ya zipu na nipunguze mkia.

Walikuja wote wawili. Mama alikaa pembeni, akatabasamu, akasema, "Mfanyie mwanangu anavyotaka." Jioni ile ile akanipigia simu akilia. Akaniomba nisilitie mkasi gauni lake. Anataka nimwambie binti kwamba kitambaa kimechoka na hakiwezi kufumuliwa, na kwamba simu yake ibaki siri yetu. Akaahidi kunilipa kazi yote hata kama sitaifanya.

Binti naye ana lake. Nilipomtajia bei alishtuka. "Fundi, sijakuomba unishonee gauni jipya. Kitambaa kipo, lesi ipo, wewe unarekebisha tu!" Ameacha malipo kidogo ya awali na gauni lake, akasema mengine tutaelewana.

Nimfuate nani? Uongo huu mdogo una ubaya gani kama utaokoa gauni na moyo wa mama? Bei nimweleze vipi akaelewa? Na je, kuna namna ya kumpa binti anachokitaka bila kukata?

Fundi Niliye Katikati

—

Marahaba mwanangu.

Usiuseme uongo huo. Mteja anapokuachia gauni la harusi, anaamini kwamba ukisema kitambaa ni kizima, ni kizima, na ukisema kimechoka, kimechoka. Hana namna ya kukukagua, kwa sababu macho yake hayaoni unachokiona wewe ndani ya mshono. Ukiliuza neno lako mara moja kwa ajili ya machozi ya mtu, hata kama ni machozi ya kweli, hutakuwa na neno lingine. Tena binti akishaambiwa kwamba haiwezekani atakwenda kwa fundi mwingine, naye atafumua ubavu kwa dakika chache na kumwambia mbona satini hii ni nzima kabisa. Hapo mama atakuwa amelipoteza gauni, na wewe utakuwa umepoteza jina.

Mama huyu simlaumu, na nakuomba na wewe usimlaumu. Amekaa na nguo ile miaka yote hiyo, kisha mwanawe akaiomba kwa furaha, na hakuwa na ujasiri wa kuonekana mchoyo mbele yake. Alichoshindwa kumwambia mwanawe amekibebesha wewe. Mrudishie mzigo wake kwa upole. Mpigie leo, umwambie hivi: "Mama, nimekusikia, na sitakata chochote kabla hamjakubaliana. Lakini siwezi kumwambia mwanao kitambaa kimechoka wakati hakijachoka. Naomba mje wote wawili, nilifungue gauni mbele yenu, na hayo uliyoniambia umwambie mwenyewe." Pesa alizokuahidi usizipokee. Ukizipokea utakuwa umeajiriwa na watu wawili wanaotaka vitu viwili tofauti, na hakuna mshono utakaokutoa hapo.

Kuhusu siri, usiende kwa binti kumpelekea maneno ya mama yake. Mwambie tu kwamba gauni hili ni la familia na wewe hukati nguo ya urithi kabla aliyelivaa kwanza na atakayelivaa sasa hawajakaa mbele yako pamoja. Lifanye liwe sharti lako kwa kila gauni la namna hiyo, kuanzia leo.

Kabla ya kikao hicho una kazi ya kufanya peke yako, mlango ukiwa umefungwa na mikono ikiwa imeoshwa. Tandika shuka jeupe mezani, ulaze gauni juu yake. Kama umelitundika, lishushe. Satini nzito yenye mkia mrefu ikining'inia kwa mabega kwa wiki nzima inavutika, na lesi ya mabegani ndiyo inayoumia kwanza. Lipige picha mbele, nyuma na ndani, na kila doa au uzi uliofunguka upigie picha yake. Kisha ligeuze ndani nje.

Sasa tafuta mshono wa ubavuni, sehemu ya chini kabisa ambako hakuna atakayeona, ufumue sentimita 3 tu. Majibu mengi yako hapo. Tazama kwanza akiba ya kitambaa iliyokunjwa ndani. Mbavu ni mbili na kila mshono una kingo mbili, kwa hiyo ukiachia sentimita 1 katika kila ukingo gauni linapanuka sentimita 4 kwa mzunguko. Wateja hawaijui hesabu hii, na mafundi wengi hawaitamki. Halafu angalia mstari ulipokuwa mshono wa zamani. Satini haisahau sindano: matundu hubaki, na mkunjo uliopigwa pasi miaka hiyo yote huacha alama inayong'aa. Na hili la tatu ndilo litakaloamua mambo kwenye gauni lako. Linganisha rangi ya kitambaa kilichojificha ndani na ile iliyokuwa ikipata mwanga na hewa. Umesema weupe umeelekea njano. Kama ndani bado ni peupe, basi ukiachia mbavu utapata mistari miwili myeupe inayoshuka kuanzia kwapani, na hakuna pasi itakayoifuta.

Vuta uzi mmoja kutoka kwenye akiba hiyo uuchome kwa kiberiti, mbali na gauni. Ukinuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yakasagika vidoleni, ni hariri. Ukiyeyuka ukawa kishanga kigumu, ni poliesta. Hariri inaweza kupata alama kwa tone la maji tu. Poliesta inang'aa vibaya au kuyeyuka pasi ikizidi moto. Kwa vyovyote vile, pasi yako ipite upande wa ndani, juu ya kitambaa safi cha pamba, na ijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Tena usipige pasi juu ya doa lolote, hata lililofifia. Kinywaji chenye sukari kilichomwagika siku ile ya harusi kinaweza kukauka bila kuonekana, kisha kikageuka rangi ya kahawia kwa umri na kwa joto, na ukishakipiga pasi umekipika humo humo. Kama gauni linahitaji kusafishwa, lisafishwe na mtu anayejua nguo za zamani kabla hujaanza kushona.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, maana ndilo lililonifurahisha. Mengi ya anayoyataka binti yanawezekana bila mkasi.

Mikono ifumue, usiikate. Uzi wa zamani mara nyingi hukatika wenyewe ukiuvuta taratibu, na mikono itatoka mizima, na akiba yake yote. Shida inaanza baada ya hapo, na hapa ndipo mafundi hukimbilia mkasi. Gauni lililokatwa kwa ajili ya mikono mirefu likiachwa bila mikono, bega huonekana pana na tundu la mkono hufunguka pembeni ya kifua. Usilichonge bega. Likunje kwa ndani, ulishike kwa mkono kwenye bitana kwa mishono midogo isiyotokeza nje, na ule upenyo wa kifuani uumeze kwa kapindo kadogo kanakoelekea kwenye kifua. Ukingo wote ufunike kwa utepe mwembamba uliokatwa mshazari. Siku yoyote ikitakiwa, mikono inarudi.

Kamba za mgongoni ndizo zitakazotatua habari ya upana, na nakushauri ziwe ndiyo jibu lako la kwanza kabla hujagusa mbavu. Fumua zipu, uitunze. Tengeneza vitanzi kwa vipande vya mshazari, vipange kwenye utepe imara upande huu na upande huu, kisha utepe huo ndio uushone kwenye ukingo wa zipu. Sambamba na vitanzi weka kijiti cha kukazia kila upande. Bila vijiti hivyo kamba zikivutwa mgongo unajikunja na kufanya mawimbi, na picha zote za nyuma zitaharibika. Nyuma ya kamba weka kipande cha kufunika ngozi. Kitambaa cha kipande hicho usikinunue dukani, hakitafanana na satini iliyobadilika rangi kwa umri. Kitoe kwenye gauni lenyewe. Chungulia pindo la mkia kwa ndani. Magauni mengine yana pindo pana lenye akiba ya kutosha. Kama halina, basi hicho kitakuwa kitu pekee cha kuwaomba ruhusa ya kukata, na watakuwa wanakiona kabla.

Mgongo wazi nao, kwa kuwa kuna mshono wa katikati, unaweza kuupata kwa kukunja. Fungua mshono ule kutoka shingoni kushuka, ukunje kingo mbili kwa ndani zifanye umbo la V, uzishike kwa mkono kwenye bitana. Hautashuka hadi kiunoni kama anavyotaka, maana kadiri unavyokunja kitambaa kingi ndivyo ndani panavyojaa. Mwambie ukweli huo. Mweleze pia kwamba mgongo ndio unaoshikilia mabega: ukiufungua sana, mabega yanateleza na bibi harusi anashinda siku nzima akiyavuta. Dawa yake ni utepe imara wa kiunoni, ushonwe ndani na ufungwe kwa kulabu kabla ya gauni lenyewe kufungwa, ili uzito wa sketi ukae kiunoni. Wateja wengi hawajui kwamba utepe huo upo, lakini wanaovaa gauni lenye huo wanausikia nafuu yake.

Mkia usiupunguze kabisa. Uinue. Vifungo vidogo juu, vitanzi imara chini kwa ndani, na baada ya sherehe ya kwanza mtu anauinua, bibi harusi anacheza bila kuukanyaga. Mfundishe mtu mmoja namna ya kuufunga, kwa mikono yake mwenyewe, siku ya kuchukua gauni. Satini nzito itang'oa kitanzi dhaifu, kwa hiyo weka kipande cha kitambaa cha kuimarisha kwa nyuma.

Kabla hujafanya lolote kati ya hayo, shona sehemu ya juu ya gauni kwa amerikani au kitambaa chochote cha bei nafuu, umvalishe binti. Unaweza kuikunja, kuichora, hata kuikata mbele ya mama yake bila mtu kuumia. Watu wengi wanaodhani wanataka mgongo hadi kiunoni hubadili mawazo wakiuona kwenye mwili wao badala ya kwenye simu.

Siku ya kikao mwache mama aseme kwanza. Akishindwa, muulize wewe: "Mama, katika gauni hili ni kipi hungependa kiguswe?" Swali hilo linamruhusu kusema bila kukataa. Huenda ni mikono tu, au ni kipande cha lesi ya kifuani. Na binti akihisi kwamba gauni la kale likibadilishwa limeharibiwa, au mama akihisi hivyo, wasimulie habari ya Beatrice, mjukuu wa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Julai 2020 aliolewa akiwa amevaa gauni la bibi yake lililobuniwa na Norman Hartnell, ambalo Malkia alilivaa miaka ya 1960. Angela Kelly na Stewart Parvin walilirekebisha, wakaliongezea mikono mifupi ya oganza ambayo halikuwa nayo. Gauni la bibi lilivaliwa na mjukuu likimkaa mwilini, na bibi alikuwapo akishuhudia.

Bei sasa. Usibishane naye kwa maneno, mwonyeshe. Gauni likiwa limegeuzwa ndani nje mezani, mpitishe kidole chake mwenyewe: hii ni satini, hii ni bitana, katikati kuna kitambaa cha kukazia, hapa lesi imeshonwa kwa mkono juu ya mshono. Kumwachia sentimita moja hapa nitang'oa lesi hii tundu kwa tundu, nitafungua bitana, nitafumua mshono, nitashona upya, nitarudisha bitana, nitarudisha lesi kwa mkono. Anayeshona jipya anaanza na kitambaa kitupu. Wewe unabomoa kazi ya fundi mwingine bila kuacha alama, kisha unaijenga tena ionekane haijawahi kuguswa. Ndiyo maana "kurekebisha tu" mara nyingine kunakula saa nyingi kuliko kushona. Piga hesabu kwa saa, kazi kwa kazi: mikono, kamba, mgongo, mkia, pindo. Mpe karatasi yenye kila kimoja na bei yake, yeye achague cha kupunguza. Akikata bei, kata kazi. Usipunguze bei ukabaki na kazi ile ile, mwanangu, hilo nakukataza kabisa. Mafundi wanaofanya hivyo ndio hao wanaoshona usiku wa manane wakisinzia juu ya satini ya watu.

Na ukaguzi uutoze. Kufumua, kupima, kuchunguza na kushauri ni kazi, hata gauni likiondoka bila kushonwa.

Karatasi hiyo hiyo iandike yatakayoguswa na yasiyoguswa, hali ya gauni ulivyolipokea, kwamba kitambaa cha umri huo kinaweza kuchanika mahali ambapo jicho halikuona, tarehe za kujaribu na siku ya malipo ya mwisho, ambayo ni kabla gauni halijatoka mlangoni kwako. Wasaini wote wawili, mama na binti. Nyongeza yoyote itakayokuja baadaye, hata ya shanga nne, iandikwe na ipewe bei yake siku hiyo hiyo.

Wiki tano si nyingi. Kazi kama hii ningependa uipate angalau miezi miwili kabla, lakini ukianza sasa utafika. Kikao kiwe ndani ya siku chache. Jaribio la kwanza, gauni likiwa limepigwa bandi tu, yaani mishono mirefu ya muda, liwe mwishoni mwa wiki ya pili, na aje na viatu atakavyovaa na nguo za ndani atakazovaa, zile zile, maana sidiria nyingine inahamisha kifua na kisigino kingine kinahamisha pindo. Pindo liache liwe la mwisho. Jaribio la mwisho liwe siku kumi kabla ya harusi. Akinenepa au akipungua baada ya hapo, kamba zitambeba.

Inawezekana wakakaa mbele yako na wasikubaliane. Katika hali hiyo wape siku tatu na si zaidi. Zikipita, chukua ada ya ukaguzi, rudisha kinachobaki katika malipo ya awali pamoja na gauni na picha zako, kisha mwambie binti kwamba unaweza kumshonea jipya lisilo na mambo mengi, ukalitia lesi ya mikono ya mama yake kama mama ataridhia iazimwe: ishikwe kwa mkono, kwa mishono mirefu, ili baada ya harusi itolewe na kurudishwa ilipokuwa. Akikubali, mpime siku hiyo hiyo kabla hajaondoka, na kitambaa kinunuliwe kesho yake.

Shangazi